Kiti cha Baba Yako Sitakikalia

S.L.P. 31,
Kamembe, Cyangugu,
Rwanda.
Jumapili, tarehe 6 Julai 2003.

Mpendwa binti yangu Umutoni,

Salamu zangu zikufikie huko Mwanza zikukute mzima, na ile homa uliyoitaja ziikute imekwisha. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto hunisumbua nikipanda kilima kutoka sokoni, lakini misa ya kwanza sijaikosa hata Jumapili moja. Mama yako Mkubwa Épiphanie amepata miwani mipya, na sasa anaona vumbi hata mahali ambapo halipo. Mvua iliondoka mapema mwaka huu. Mihogo imezaa, maharage si sana. Na wewe, je, unakula? Najua kazi ya uuguzi ina zamu ngumu, nawe tangu utotoni ulikuwa mtu wa kusahau chakula mezani.

Barua yako ya tarehe 15 Juni nimeipata. Nimefurahi kwamba wewe na Tuyishime mmeafikiana, na kwamba wazazi wake watakuja kutoka Nyakabuye kukuposa hapa nyumbani kwangu tarehe 23 Agosti. Habari za kijana huyo nimeziuliza kwa watu watatu wasiojuana, na wote watatu wamemsifu. Inatosha.

Sasa nijibu ombi lako. Unataka siku hiyo nikae mimi katika kiti cha mzazi na nipokee mimi ng'ombe wa mahari, na baba yako abaki kwake Gitambi, au akija, akae pamoja na wageni. Umeandika hivi: "Baba yangu ni wewe, kwa sababu wewe ulikuwapo." Wazazi wa Tuyishime nao wanataka kulijua jina la mzazi atakayewapokea kabla Julai haijaisha, ili msemaji wao ajue atamwelekea nani.

Jibu langu ni hapana. Tafadhali usiikunje barua hapa. Soma sababu zangu mpaka mwisho, maana mojawapo haimhusu mtu ila mimi, nayo ni nzito kuliko zote.

Kwanza nataka umjue mtu unayemkataa, mdogo wangu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja alipokwenda jeshini, na mtoto wa umri huo humjua baba yake kwa sauti na kwa viatu. Mengine hukuyaona.

Baba yako alivushwa mto Rusizi mwaka 1961 mgongoni mwa mama yetu, tukikimbilia Kongo, akiwa na miaka miwili. Mimi nilitangulia na mkeka kichwani. Tulikulia Bukavu, mtaa wa Kadutu. Mimi nilishika vitabu, yeye alivikimbia. Nilimfundisha Kifaransa kwa fimbo, na Mungu anisamehe, kwa sababu fimbo ilikwisha na Kifaransa hakikuingia. Lakini mbao alizisoma. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa tayari fundi wa mapaa, na waliomwita mara moja walimwita tena. Mwaka 1991 alifunga karakana, akanikabidhi ufunguo, akanikabidhi mama yako na wewe, akaondoka. Hakutoa hotuba. Aliniomba tu niwe natia mafuta msumeno mkubwa usipate kutu.

Alifika Kamembe mwezi wa Septemba 1994, vita vya Rwanda vilipokwisha, akiwa luteni. Wewe ulifika nasi mwezi wa Novemba, na unakumbuka kimya tulichokikuta: nyumba zilizoachwa wazi, mashamba yasiyo na mtu, watu wachache wasiotazamana usoni. Madaraja yalikuwa yamevunjika. Barabara ya kwenda Bweyeye ilikatika kabisa pale mto unapotoka msituni Nyungwe, na wagonjwa wa huko walibebwa kwa machela siku mbili. Wengine walifika wakiwa maiti.

Aliagizwa kujenga daraja la magogo hapo, mapema mwaka 1995, na kikosi cha watu thelathini na misumeno miwili. Mbao hazikuwapo. Karibu na mto palikuwa na nyumba kumi na nne tupu, zenye milango na boriti nzuri, na wenye nyumba walikuwa wamekimbilia Kongo. Askari wakamwambia, "Afande, pale kuko milango mingi, tuchukue tu, tumalize." Aliwajibu, na maneno haya nimeyasikia kwa watu zaidi ya watatu: "Ile nyumba iko na mwenyewe. Akirudia, atafunga na nini?"

Wakapasua miti. Kazi ambayo ingechukua siku nne ikachukua siku ishirini na sita, na baba yako, afisa mwenye nyota mabegani, alibeba mbao kichwani pamoja nao kupanda ule mlima. Watu wa Bweyeye walimcheka kwanza. Baadaye wanawake walianza kuwaletea viazi. Mwisho wa mwaka 1996 wenye nyumba waliporudi kutoka Kongo, wakiwa wamechoka na wenye hofu, walikuta milango yote kumi na nne. Nilikwenda mwenyewe kuitazama, kwa sababu sikuamini. Ipo.

Huko ndiko askari walikompachika jina la Afande Mbao. Mimi jina hilo sikulipenda. Niliona ni dharau kumwita afisa kwa jina la bidhaa, nikalipiga marufuku nyumbani kwangu. Utakumbuka jinsi nilivyomfukuza askari aliyekuja mlangoni kumwulizia "Mzee Mbao". Nilimwambia hapa hatuuzi mbao. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Baba yako alivaa kofia akamfuata yule askari njiani.

Kisha vikaja vita vya Kongo. Sitaki kukuandikia kama mtu anayeimba. Majirani zetu wa Kadutu, waliotupa chumvi na moto tulipokuwa wakimbizi, walizika watu wao katika vita hivyo, na mimi siwezi kuwasahau kwa sababu ya kujivunia ndugu yangu. Ninachojivunia ni hiki. Mwaka 1998 alivuka na watu arobaini. Kazi yao ilikuwa madaraja na vivuko, upande wa misitu ya Shabunda na mbele yake. Mwezi wa Oktoba 2002, majeshi yaliporudi, alivuka na watu thelathini na saba. Watatu waliobaki huko anajua kila mmoja alipolala, na amekwenda kwa miguu nyumbani kwa mama wa kila mmoja, akakaa, akamweleza. Mwenyewe alirudi na begi moja na msumeno.

Sasa nifike mahali penye maumivu yako.

Mama yako Thacienne alifariki Jumanne, tarehe 9 Machi 1999. Baba yako alikuwa msituni, na simu haikufika huko. Njia iliyobaki ilikuwa moja, ile ambayo watu wote hapa waliitumia: tangazo la redio, kwa kuwa askari huko msituni walisikiliza matangazo kila siku. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwenye ofisi ya kupokea matangazo. Niliandika kwa mkono wangu: familia inamtangazia Kapteni Ndagijimana Jean-Paul kwamba mke wake, Thacienne, amefariki Kamembe, mazishi ni Alhamisi.

Mama mmoja aliyeitwa Dative alikuwa anapokea karatasi. Aliisoma yangu, akaniuliza kwa upole, "Papa, kule kwa basoda banamuitaka jina gani? Tuliongeze." Nilijua jina askari walilomwita. Nilimjibu kwamba mtu ana jina alilobatizwa nalo, na kwamba tangazo la kifo si mahali pa mchezo. Alinitazama kidogo, akagonga muhuri.

Tangazo lilisomwa Jumatano saa saba mchana, likarudiwa jioni. Nililisikia kwa masikio yangu, na hata katika huzuni ile nilitosheka kwamba limesomwa bila kosa.

Alhamisi tulingoja. Padre alingoja. Tuliahirisha mazishi kutoka saa nne hadi saa tisa. Wewe ulisimama upande wa barabara, hukutaka mtu akushike mkono. Kisha uliniuliza kama ana habari. Nikakujibu mbele ya watu wote, "Amesikia. Tangazo limesomwa mara mbili." Ukaokota udongo, ukautupa, na tangu siku ile hukumtaja tena. Siku ya nane tulianua matanga bila yeye. Alifika wiki tano baadaye, barua niliyompa Ridhwani, mfanyabiashara wa vitenge, ilipomfikia kwa mikono ya watu wanne. Alikuwa ametembea siku sita kabla ya kupata gari. Ulipoona kofia yake getini uliingia ndani ukafunga mlango, na mwezi uliofuata ukaenda Mwanza kwa mama yako mdogo Bernadette.

Hayo unayajua. Haya yafuatayo huyajui, nami mwenyewe sikuyajua hadi mwezi uliopita.

Baba yako amestaafu akiwa meja. Tulimfanyia sherehe hapa kwangu Jumamosi, tarehe 7 Juni. Walikuja majirani, padre, na askari wake kumi na wawili wa zamani, na mmoja wao, Sajenti Niyonsenga, ambaye sasa anauza mbao hapa Kamembe, alituchekesha mpaka padre akafuta machozi. Alisimulia jinsi Afande alivyokataa kuvuka mto juu ya daraja alilojenga kapteni mwingine, akalizunguka kilomita kumi na mbili na kikosi kizima, na daraja lile likaanguka kesho yake likiwa na mbuzi mmoja tu juu yake. Askari wenzake walimwuliza mbuzi huyo alikuwa na cheo gani. Akajibu kwamba tangu siku ile aliitwa marehemu Kapteni.

Kisha nikasimama kusoma cheti cha kustaafu. Niliking'arisha kioo chake mwenyewe asubuhi. Nilisoma polepole, kwa sauti ya darasani, jina lote na tarehe zote. Watu walipiga makofi. Niyonsenga hakupiga. Aliweka chupa yake chini, akanifuata nilipokwenda kukitundika ukutani.

Akaniuliza, "Mzee, samahani. Ile jina umesoma, ni ya Afande Mbao?"

Nilimwambia ni lake tangu ubatizo.

"Na bibi yake, marehemu, alikuwa anaitwa nani? Sisi tulijua tu Mama Umutoni."

Nikamwambia: Thacienne.

Alishika ukuta. Akasema, "Basi tulisikia, Mzee. Tulisikia na hatukujua ni yeye."

Redio ya kikosi ilikuwa ya Niyonsenga. Siku ile ya Machi walikuwa wanafunga magogo, baba yako yuko ndani ya maji upande wa pili. Tangazo lilisomwa. Askari walimhurumia huyo Kapteni Ndagijimana wasiyemjua, wakavua kofia kwa heshima ya marehemu, wakarudi kazini. Katika kikosi kile kila mtu alikuwa na jina la vitani. Majina ya ubatizo yalikaa kwenye karatasi za ofisini, mbali na mto. Jioni walimwambia baba yako kwamba redio imetangaza afisa mmoja wa Cyangugu aliyefiwa na mke. Jina hawakumtajia, maana kwao lilikuwa la mgeni; Niyonsenga ndiye lililombaki masikioni. Baba yako alisema, "Wamupe ruhusa haraka, aende azike." Kisha akauliza misumari imebaki mingapi. Barua yangu ilipomfikia wiki chache baadaye, hakuna askari aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

Umutoni, nimefundisha miaka thelathini na minne. Nimewaadhibu watoto kwa makosa madogo sana. Sikuwahi kufanya kosa kubwa kama lile la siku ile mbele ya Dative, na nililifanya nikijiona niko sahihi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Gitambi. Nilimkuta baba yako anatengeneza daraja dogo la miguu kwenye kijito, ili watoto wa shule wasizunguke. Nilimweleza alichosema Niyonsenga. Hakushtuka. Ndipo nikakumbuka kwamba siku aliyofika, mwaka 1999, aliniuliza jambo moja tu: tangazo lilitaja jina gani. Nilimjibu, "Lako, kamili." Aliomba maji, akanywa, akasema njia ya Shabunda ni mbaya. Mimi nilidhani ni uchovu.

Alijua tangu siku ile. Miaka minne alijua. Wewe ulifunga mlango mbele yake naye alijua, akanyamaza.

Nilimkasirikia. Nilimwuliza kwa nini hakunena, kwa nini aliacha mtoto wake aamini kwamba alisikia akakataa kuja. Alikuwa ameshika randa. Aliniambia hivi, akiniita Yaya, yaani kaka mkubwa, kama huko Kadutu, na nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema, bila kuyanyoosha:

"Yaya, ningemwambia mutoto nini? Mama yake amekufa, mimi narudia vita. Akikukasirikia na wewe, atabaki na nani?"

Nilikaa juu ya gogo.

Nimejivunia madaraja ya ndugu yangu, na milango ile ya Bweyeye, na watu thelathini na saba aliowarudisha. Nimejivunia nyota zake kuliko alivyozijivunia yeye. Lakini hakuna jambo alilolifanya akiwa na sare ninaloweza kuliweka sawa na hilo. Alikuachia baba mmoja mwenye jina safi, akijua kwamba baba huyo hatakuwa yeye.

Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani akaniomba nisikuandikie. Alisema umezoea kumkasirikia yeye, hasira hiyo haimwui, na mimi ni mzee. Nimemwamuru mdogo wangu huyu miaka arobaini, naye ametii karibu kila mara. Safari hii aliomba yeye, na mimi nimekataa. Hajui kwamba barua hii imeandikwa.

Basi sababu yangu ndiyo hiyo. Umeniita baba kwa sababu nilikuwapo, na yeye ulimkataa kwa sababu hakuwapo. Na mimi ndiye niliyemfanya asiwepo. Siwezi kukaa mbele ya wageni, nipokee ng'ombe kwa heshima niliyoipata kwa njia hiyo. Hata goti langu lisingekubali kukunjika.

Wazazi wa Tuyishime nimewapelekea ujumbe kwamba jina la mzazi litatoka kwako, kwa mkono wako, kabla ya mwisho wa mwezi. Ukiandika la mjomba, au la mzee mwingine wa ukoo, nitamkaribisha kwa heshima, wala sitakulaumu, kwa kuwa miaka minne haifutwi na karatasi nne. La kwangu tu usiliandike. Mimi nitakaa benchi la nyuma, mahali pa baba mkubwa, nimevaa koti la kijivu.

Na hasira uliyo nayo, kama inahitaji mahali pa kwenda, ilete kwangu. Nina umri wa kuibeba.

Nilikuambia kando ya kaburi kwamba amesikia. Nilisema bila kujua. Hakusikia, mwanangu.

Msalimie sana mama yako mdogo Bernadette, umwambie asiache kunywa dawa za presha. Msalimie Tuyishime, na asichelewe tarehe 23, maana msemaji wetu ni mkali. Mama yako Mkubwa Épiphanie anakusalimu. Amekushonea mashuka mawili, lakini amenionya nisikuambie. Ridhwani na nyumba yake wanakusalimu. Niyonsenga naye amenisimamisha njiani mara mbili kukuulizia, ingawa hajawahi kukuona.

Mwenyezi Mungu akulinde zamu za usiku na za mchana, akupe nyumba yenye amani, na wanao wakikuuliza habari za babu yao, akupe ya kuwasimulia.

Ni mimi, Baba yako Mkubwa, wala si zaidi ya hapo, nikupendaye kwa moyo wangu wote,

Munyemana